Je, Wajua? Nyaya za Boti ya Mtumba

Je, wajua kuwa nyaya za boti iliyotengenezwa Marekani husomeka kwa rangi? Kwa mpangilio wa ABYC, baraza la viwango vya boti lililoanzishwa mwaka 1954, nyekundu ni chanya, njano au nyeusi ni hasi, kahawia ni pampu ya maji ya ngama, kijivu ni taa za safari, zambarau ni swichi ya ufunguo, na waridi ni geji ya mafuta.

Kwa nini njano iwe hasi? Kwa sababu katika umeme wa nyumbani wa Marekani, waya mweusi ndio wenye moto. Boti yenye betri na umeme wa nchi kavu kwa pamoja ingeweza kumuua fundi aliyechanganya nyeusi mbili.

Je, wajua kuwa kwenye injini nyingi za Yamaha waya wa njano hubeba chanya mara ufunguo unapofunguliwa? Boti ya Marekani iliyofungwa mashine hiyo inaweza kuwa na njano mbili zinazopingana. Ukiziunganisha, fyuzi inakatika. Na kama fyuzi haipo, waya wenyewe unaungua. Isitoshe, boti iliyopita mikono mingi imefungwa waya wowote uliopatikana. Rangi ikuonyeshe pa kuanzia, mita ndiyo ithibitishe.

Fyuzi kazi yake ni kulinda waya, si taa wala redio. Ndiyo maana ABYC inataka ikae ndani ya inchi 7, yaani kama sentimita 18, kutoka kwenye betri. Kipande kilicho kabla yake hakina mlinzi.

Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene haufai majini, kwani mtikisiko huuvunja. Unaofaa ni wa nyuzi nyembamba nyingi za shaba zilizopakwa bati. Menya ncha kidogo: ukiona shaba nyeusi, chumvi imeshaingia. Kata nyuma hadi ing'ae. Isipong'aa, badilisha waya wote.

Je, wajua kuwa betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma kama 12.6? Ikisoma 12.2, imebaki karibu nusu. Sasa washa taa ya safari, upime betrini kisha kwenye taa yenyewe. Tofauti isizidi asilimia 3, takriban volti 0.4. Ikizidi, tafuta kiungo chenye kutu kabla hujanunua taa mpya.

Stata inazungusha lakini injini haiwaki? Tazama kwanza kamba ya usalama ya nahodha, maana ikichomoka hukata cheche.

Pampu ya ngama yenye boya ipewe waya wake na fyuzi yake moja kwa moja kutoka betrini, bila kupitia swichi kuu. Boti nyingi huzama zikiwa zimetia nanga, hakuna mtu ndani.

Na injini ya petroli iliyo ndani ya boti isifungwe kamwe stata ya gari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini, na cheche moja yatosha kuulipua.

Kabla ya kulipa, jaribu kila swichi, kisha omba dashibodi ifunguliwe uone nyuma yake. Muuzaji akikataa, mwachie boti yake.