Chembe za angani zinazopima wingu la radi

HEBU nyosha kiganja chako, msomaji, kana kwamba unakinga maji ya mvua. Hesabu moja, mbili, tatu. Katika muda huo mfupi chembe kadhaa kutoka angani zimekwisha kupenya kiganja hicho, zikatokea upande wa pili na kuzama ardhini. Hukuhisi lolote, wala hukuumia.

Chembe hizo huitwa miuoni. Huzaliwa kilomita nyingi juu ya vichwa vyetu, pale miale inayosafiri kwa kasi kutoka anga za mbali inapogongana na hewa ya dunia. Aliyegundua miale hiyo ni Victor Hess wa Austria. Mnamo Agosti 1912 alipanda kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000, akaona kwamba kadiri alivyopaa ndivyo vipimo vyake vilivyozidi kupanda. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 1936.

Huenda ukauliza: chembe zisizoonekana wala kuhisika zina faida gani kwetu? Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure. Miuoni hazipiti bure. Zinapopenya wingu hubeba habari za mambo yaliyomo ndani yake.

Siri ya wingu

Sote twajua kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Lakini je, wingu la radi lina umeme kiasi gani? Swali hili liliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Walirusha maputo na ndege kupima, lakini chombo kimoja hugusa mahali pamoja tu, nalo wingu ni pana na halitulii. Kipimo cha juu kabisa walichopata kwa njia hiyo kilikuwa kama volti milioni 130.

Jibu lilitoka Ooty, mji ulio milimani kusini mwa India, mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Huko wanasayansi wa India na Japani wana mtambo uitwao GRAPES-3. Sehemu yake ya kunasa miuoni ilijengwa kwa mabomba 3,712 ya chuma, kila moja likiwa na urefu wa mita sita, yaliyopangwa tabaka kwa tabaka chini ya zege nzito. Miuoni ikipita ndani ya bomba, huacha ishara ndogo ya umeme. Kwa kuwa tabaka zimepishana, mtambo hutambua pia chembe hiyo ilitokea upande gani wa anga.

Baadhi ya miuoni zina chaji chanya na nyingine hasi, lakini zenye chaji chanya ni nyingi zaidi. Umeme wa wingu ukizipinga, hupungukiwa nguvu, na baadhi hazifiki kwenye mabomba. Basi ukihesabu zilizokosekana, waweza kukadiria volti za wingu zima, bila hata kuligusa.

Tarehe 1 Desemba 2014 wingu kubwa la radi lilitanda juu ya Ooty. Kwa muda wa dakika 18 hesabu ya miuoni ilipungua kwa takriban asilimia mbili. Wataalamu walipiga hesabu, na mwaka wa 2019 wakatangaza matokeo: volti bilioni 1.3! Hiyo ni zaidi ya mara milioni tano ya umeme unaowasha taa nyumbani kwako, na mara kumi ya kile kipimo cha maputo. Mwanasayansi wa Scotland, C.T.R. Wilson, alikuwa amekisia katika miaka ya 1920 kwamba mawingu yaweza kufikia kiwango kama hicho. Alikuwa amekwisha kufariki yalipopatikana matokeo haya.

Habari za jua

Chembe hizi hutuletea pia habari za jua. Katika miaka ya 1930, Scott Forbush wa Marekani aliona kwamba dunia inapokumbwa na dhoruba ya sumaku, miale ya angani hupungua ghafla. Sababu ni kwamba jua hutema wingu kubwa la gesi yenye chaji na sumaku, nalo hufagia sehemu ya miale hiyo. Leo vituo vya kuihesabu vipo katika nchi nyingi, zikiwemo Afrika Kusini na Namibia.

Usidhani dhoruba hizo ni mchezo. Mnamo Machi 13, 1989 moja ilizima umeme katika jimbo la Quebec, Canada, na watu wapatao milioni sita wakakaa gizani kwa saa tisa hivi. Wingu kama hilo huchukua siku moja hadi tatu kutufikia. Mabadiliko ya miale yakigunduliwa mapema, wenye mitambo ya umeme na setilaiti hupata nafasi ya kujihadhari.

Hata hivyo, mtambo wa Ooty hauzuii radi. Wakazi wa Kisii na Kakamega wanaijua vyema hasara yake. Ngurumo zikianza, waite watoto waingie ndani, wala wasijikinge chini ya mti. Sasa unajua kuwa lile wingu laweza kuwa na volti zaidi ya bilioni moja.