Nani Aanze Kuuliza

Mchimbaji mdogo wa Rwamagasa, mkoani Geita, akishaosha mchanga wake huuchanganya na zebaki inayonasa dhahabu, kisha huikamua kwa kitambaa mpaka libaki donge la kijivu, akaliweka juu ya bati na kulichoma kwa mkaa. Zebaki huruka kwa mvuke usioonekana, dhahabu hubaki. Mvuke huo ukivutwa kwa muda mrefu, mikono hutetemeka, usingizi hupotea, mwendo huyumba. Hilo halisemwi kwa kubahatisha. Mwaka 2003, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza zebaki uliohusisha nchi 6, wakazi wa Rwamagasa walipimwa damu, mkojo na nywele, na wachomaji ndio walioonekana kuathirika kuliko wengine. Kazi ile ilikuwa ya lazima. Lakini kipimo cha siku moja hueleza mwili wa siku hiyo, na machimbo hayatulii. Rashi ikitokea, yaani dhahabu ikigunduliwa mahali papya, watu huhama kwa wingi ndani ya wiki chache, maduara (mashimo ya kuchimbia) mapya hufunguliwa na ya zamani huachwa, na aliyetoa mkojo mwaka huu mwakani hajulikani aliko.

Maabara haiwezi kuona kila kitu. Haioni kama donge lilichomwa kwenye karasha panaposagwa mawe, jikoni nyumbani au dukani kwa mnunuzi, wala haioni nani alikuwa amebeba mtoto mgongoni wakati moto unawaka. Mwenye majibu hayo ni mchimbaji, mama lishe, na mwanamke anayeosha marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa. Wengi wa watu hawa wana simu, na kwa hiyo husemwa mara nyingi kwamba mtandao utawaunganisha na watafiti. Nakubali, kwa sharti moja ambalo naliona kubwa kuliko teknolojia yote: ushirikiano huo uanzie kwenye swali. Mtafiti akileta swali lake limeshafungwa na kuwaomba wananchi wajaze fomu kwenye simu, hajashirikiana nao. Amepata wakusanyaji wa takwimu wasiolipwa. Uingereza walilitambua hili mapema, na mwaka 2004 ukaanzishwa muungano wa James Lind, unaowakutanisha wagonjwa, walezi na matabibu wapange pamoja maswali ya kutafitiwa kwanza. Msukumo mmojawapo ulikuwa ushahidi kwamba wagonjwa wa maumivu ya goti walitaka kujua mambo ambayo watafiti, wakiwa wamezama kwenye dawa, hawakuyagusa sana.

Kanda ya Ziwa ina ushahidi wake, na ni wa zamani kuliko simu za kisasa. Kati ya 2005 na 2009 Mwanza ilikuwa moja ya vituo vya jaribio la jeli ya kuzuia maambukizi ya VVU. Waliohusika walikuwa wanawake wa baa, gesti na vibanda vya chakula, watu wanaohama kazi na makazi kama wachimbaji wanavyohama. Walichagua wawakilishi wao, wakaunda kamati, na hofu za mtaani, ukiwemo uvumi kuhusu damu iliyochukuliwa, zikapata mahali pa kusemwa na kujibiwa. Jeli yenyewe haikufua dafu, lakini utaratibu ule ulionyesha kwamba watu wenye maisha ya kuhamahama wanaweza kuwa na sauti ndani ya utafiti mgumu. Mtandao unachoongeza hapo ni kasi tu, na uwezo wa kumfuata mtu alikohamia.

Wapo wanaohoji kama maneno ya mtu asiyesomea tiba yanaweza kuaminiwa. Watafiti wa SACIDS, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya kuambukiza yenye makao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walilijibu swali hilo kwa vitendo kupitia programu ya simu ya AfyaData, ambapo wanajamii waliofunzwa, Ngorongoro na Morogoro, waliripoti dalili za magonjwa ya watu na mifugo. Mtoa taarifa haombwi kutaja ugonjwa. Anaombwa kusema alichokiona, na kuona hakuhitaji shahada. Hoja ya pili ina uzito zaidi: simu janja haimfikii kila mtu, na anayeachwa nyuma mara nyingi ni mwanamke, mzee, au asiyesoma. Ni kweli. Ndiyo maana mfano wa kuiga ni m-mama, mpango uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kuanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022. Mjamzito aliye hatarini hahitaji programu yoyote. Inapigwa namba 115 bila malipo, na gari la wagonjwa lisipopatikana, dereva wa jirani humbeba na kulipwa kwa simu. Utafiti nao unaweza kupokea sauti, hata kwa Kisukuma, na kumwachia mhudumu wa afya wa jamii kazi ya kuandika.

Hoja nzito kuliko zote ni ya usalama. Wengi huchimba bila leseni, na picha moja yenye alama ya mahali inaweza kumtia mtu matatani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini sheria pekee haimtoi mtu hofu. Majina yasikusanywe pasipo haja, mahali paishie kwenye kata, na wachimbaji wenyewe wawe na kauli juu ya nani anaona nini. Pasipo masharti hayo, afadhali mradi usianze.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Kiambatisho C cha mkataba huo kinataka mpango wa taifa wa uchimbaji mdogo uwe na mkakati wa afya, ukusanyaji wa taarifa za afya ukiwemo, na njia za kuwashirikisha wahusika. Mtafiti unayeandaa andiko lako la mradi kuhusu Geita au Kahama, nenda kwenye karasha kabla hujaandika swali la kwanza, na matokeo yakitoka, yapeleke huko kwanza, kwa Kiswahili.