Mwenzako Anaponyanyaswa Kazini

Mwezi huu tunaziacha kidogo habari za malaria na lishe ya watoto, tuzungumze juu ya maradhi ambayo darubini ya maabara haiyaoni. Tunayakuta mara kwa mara katika chumba cha wagonjwa wa nje, na mara nyingi anayetueleza chanzo chake si mgonjwa mwenyewe, bali ni mke wake au mume wake.

Baba mmoja, mtunza stoo, alikuja kwetu mara tatu katika muda wa miezi miwili. Mara ya kwanza alilalamikia kichwa, mara ya pili tumbo, mara ya tatu moyo kumwenda mbio usiku. Malaria hakuna, choo safi, mkojo safi. Lakini presha ilikuwa 160/100, naye hajafikisha miaka arobaini. Tulipomwuliza kama ana mawazo alijibu, "Hapana sista, ni uchovu tu." Mkewe, aliyekuwa amekaa kando na mtoto mapajani, ndiye aliyetoboa: "Sista, huyu kila Jumapili jioni hali chakula. Jumatatu anakutana na yule bosi."

Bosi huyo alikuwa akimfokea mbele ya vibarua, akimwita mwizi ingawa hesabu ya stoo haikupungua hata msumari. Alimpa kazi ya siku tatu aimalize kwa siku moja, kisha akamcheka aliposhindwa. Mambo hayo yalikuwa yamedumu miezi minane.

Hapa tuelewane kwanza. Mkuu wa kazi kumdai mtu afike kwa wakati, kumsahihisha, hata kumwandikia barua ya onyo kwa kosa alilolitenda kweli, huo si unyanyasaji. Unyanyasaji ni kumdhalilisha mtu tena na tena: matusi, kumtenga na wenzake, kumnyima vifaa kisha kumlaumu, kumtishia kila siku kwamba atafukuzwa. Tunasema hivi kwa kuwa wapo wanaochelewa kazini kila asubuhi, na wakiulizwa husema bosi ana chuki nao. Nasi wauguzi tuliokabidhiwa usimamizi wa wodi tujichunguze pia. Wako wanafunzi wa uuguzi waliolia chooni kwa ajili ya maneno yetu ya asubuhi.

Mtu akikutana na nyoka njiani, mwili humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga haraka, presha hupanda, misuli hukaza, tumbo huacha kusaga chakula, na mtu huwa tayari kukimbia au kupigana. Nyoka akienda zake, mwili hutulia. Lakini bosi mkali haendi zake. Yupo kesho na keshokutwa, na mwili wa anayeonewa hukaa katika tahadhari hata akiwa kitandani. Ndipo huja kukosa usingizi, kichwa, maumivu ya shingo na mgongo, kusahausahau, hasira za ghafla kwa watoto, na hamu ya tendo la ndoa kupungua. Akina mama wengi hudhani hapo kwamba mume amepata mwanamke mwingine. Kabla ya kuanza kupekua mifuko ya suruali, mwulize habari za kazini.

Jambo moja tulitie mkazo. Watu husema vidonda vya tumbo huletwa na mawazo. Visababishi vikubwa ni viwili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na dawa za maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zinapotumiwa mara kwa mara. Mawazo huweza kuzidisha maumivu. Sasa tazama jinsi mtego unavyofanya kazi: mtu anaumwa kichwa kwa sababu ya kazi, anameza diklofenaki kila siku kutoka duka la dawa, na baada ya muda anapata kidonda tumboni. Vivyo hivyo kwa pombe anayoinywa ili apate usingizi, na vidonge vya diazepamu alivyopewa na jirani. Pombe humwamsha saa nane za usiku akiwa na hofu zaidi, na diazepamu humfanya mtumwa wake. Mama, ukiviona vidonge hivyo chini ya mto usivitupe kwa hasira. Aliyevizoea kwa muda mrefu akikatiza ghafla anaweza kupata hata degedege. Mlete hospitali apunguziwe pole pole.

Je, nyumbani ufanye nini? Kazi ya kwanza ni kusikiliza, nayo ni ngumu kuliko tunavyodhani. Usimpokee mlangoni kwa maswali. Aoge, ale, watoto wakilala ndipo umwulize, "Leo ilikuwaje?" Kisha nyamaza. Wengi wetu tukisikia tu neno la kwanza tunarukia ushauri. "Vumilia, kazi zenyewe ziko wapi siku hizi?" "Mwanaume gani wewe unaogopa mtu?" "Ningekuwa mimi ningemtandika." Na waume nao: "Basi acha kazi ukae nyumbani, mimi nitakulisha." Maneno hayo, hata yanaposemwa kwa mapenzi, humwambia mwenzako kwamba yeye ndiye dhaifu. Ataacha kukusimulia. Afadhali umwambie, "Naona unavyoumia. Si wewe uliyekosea. Tufikiri pamoja."

Tena muwekeane kipimo. Zungumzeni nusu saa hivi, halafu muiache habari hiyo. Nyumba nyingine bosi huyo analiwa nao chakula cha jioni kila siku pasipo kualikwa, na watoto wanalijua jina lake kuliko la babu yao. Watoto waambiwe kwa kifupi kwamba baba ana matatizo kazini na kwamba si wao waliomkasirisha. Hilo linawatosha.

Tunamkumbuka mume mmoja ambaye mkewe alikuwa akitukanwa na msimamizi wake. Siku moja alishindwa kuvumilia, akaenda hadi ofisini na fimbo mkononi. Mke alipewa barua ya kujieleza siku ile ile, na tangu hapo msimamizi akawa na la kusema kila alipoulizwa. Usiende. Usimpigie bosi simu usiku. Usimsimulie kila mtu mtaani, maana maneno yana miguu. Hatua yoyote ichukuliwe na mwenye kazi yake, nawe ukiwa nyuma yake.

Unaloweza kufanya, na lenye faida sana, ni kumsaidia kutunza daftari. Kila tukio liandikwe siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, nani alisikia. Barua na ujumbe wa simu vitunzwe nyumbani, si katika droo ya ofisini. Yule mke wa mtunza stoo ndiye aliyekuwa akiandika, kwa kuwa mumewe mkono ulimtetemeka. Daftari hilo humsaidia mtu hata kichwani, kwani anayeonewa muda mrefu hufika mahali akaanza kujiuliza kama anaota.

Ukiwa na daftari, mwenzako anaweza kwenda kwa mkuu wa juu zaidi au kwa ofisi ya utumishi, na kwa tawi la chama cha wafanyakazi kama yeye ni mwanachama. Tanzania Bara tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA. Wafanyakazi wa sekta binafsi hupeleka mgogoro huko. Kwanza husuluhishwa, na usuluhishi ukishindikana huamuliwa. Si lazima kuwa na wakili. Watumishi wa umma wana njia yao, kuanzia kwa mwajiri hadi Tume ya Utumishi wa Umma.

Asiache kazi kwa hasira ya siku moja. Sheria inatambua kwamba mwajiri akiifanya kazi isivumilike hata mfanyakazi akaondoka, kuondoka huko kunaweza kuhesabiwa kama kuachishwa kazi. Lakini atatakiwa kuthibitisha, na ndiyo maana tunahimiza daftari. Malalamiko ya kuachishwa hupelekwa CMA ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Aliye na ajira ya chini ya miezi sita hana kinga hiyo ya kuachishwa isivyo haki. Kabla ya kuondoka kaeni na karatasi: kodi ya nyumba, ada, mkopo, akiba ya miezi mingapi. Pengine mtaona inafaa atafute kazi nyingine kimya kimya kwanza. Kuondoka kwa mpango si kushindwa, na kuna kazi ambayo mshahara wake wote unaishia duka la dawa.

Akiugua, apate ED ya daktari. Sheria hiyo humpa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara.

Bosi anayemdai mama au binti ngono ili ampe kazi au amwache kwa amani anatenda kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja, na TAKUKURU hupokea taarifa. Mume akielezwa habari hiyo asianze kwa kuuliza, "Ulivaa nini?"

Kuna dalili ambazo hazingoji kliniki ya wiki ijayo. Mtu akisema ni heri asingekuwapo, akianza kugawa vitu vyake au kuaga watu bila safari, mwulize wazi wazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Mara nyingi humfungulia mlango wa kusema. Usimwache peke yake. Ondoa nyumbani dawa ya kuulia wadudu wa shambani na akiba ya vidonge, mlete hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Yule mtunza stoo alipeleka daftari lake kwenye chama cha wafanyakazi. Baada ya vikao viwili alihamishiwa ghala jingine. Bosi bado yupo pale pale, wala hakuomba radhi. Presha ya baba huyo imeshuka hadi 138/88, na anaendelea na vidonge vyake kwa kuwa hatukumruhusu kuviacha. Siku aliyokuja na habari hizo tulimwomba na mkewe akae kwenye kiti tumpime. Alicheka, akasema yeye hana ugonjwa. Ilikuwa 150/95. Tukampumzisha, tukarudia, ikabaki hivyo hivyo. Alikiri kwamba kwa miezi yote ile alikuwa akilala baada ya mumewe kulala, na kuamka kabla yake. Tumempa tarehe ya kurudi.