Kumfundisha Mtu Usiyemwona



Keti kidogo, maana habari hii yaihusu nyumba yako pia. Huenda wewe ni mzazi wa Mtowisa, au wa Muze, au wa Ilemba, nawe unaye kijana asemaye kwamba anataka kusoma chuo akiwa hapo hapo nyumbani, kwa simu. Unamtazama na kucheka moyoni: chuo gani hicho kisicho na kengele, wala bweni, wala mwalimu mwenye chaki? Au huenda wewe ni mwalimu, umeagizwa kutunga somo la kupeleka kwa njia ya intaneti, na hujui uanzie wapi. Nawaandikieni nyote wawili. Mimi nalikuwa huyo wa pili, na aliyenifundisha kazi yangu alikuwa mtu wa bondeni kama huyo wa kwanza.

Kwanza tuondoe shaka. Kufundisha watu walio mbali si uzushi wa juzi. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakolosai kwa barua, watu ambao wengi wao hawakupata kumwona uso. Tena angalia alivyofanya. Barua alimpa Tikiko, akamwagiza awaeleze kwa mdomo mambo mengine. Akataka barua isomwe mbele ya watu wote, kisha ipelekwe Laodikia nako isomwe. Na Wakorinto walipomwandikia maswali yao, aliwajibu. Hayo mambo matatu, yaani mtu wa kufafanua, watu wa kusoma pamoja, na majibu ya maswali, yashike vema. Nitayarudia, maana mimi niliyasahau yote matatu.

Hata hapa kwetu wazee wanakumbuka. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilisema, kitabu kidogo kikagawanywa, na watu wapatao milioni mbili nchini kote wakaketi katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, wakasikiliza, wakasoma, wakajadili. Kisha wakainuka wakachimba vyoo. Somo halikwisha redio iliponyamaza. Lilikwisha jembe lilipogusa ardhi. Halafu mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, nacho kikazinduliwa Januari 1994, Profesa Geoffrey Mmari akiwa Makamu Mkuu wake wa kwanza. Wakati huo hapakuwa na intaneti vijijini. Wanafunzi walisoma vitabu nyumbani, wakafanya mitihani katika vituo vya mikoa. Mkoa wetu wa Rukwa nao una kituo chake, Sumbawanga mjini.

Basi sasa nikueleze yaliyonipata.

Mwaka 2020 vyuo vilifungwa tangu Machi hadi mwisho wa Mei kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na walimu wengi tuliambiwa tupeleke masomo kwa intaneti. Mimi nafundisha utunzaji wa hesabu za vyama vya kuweka na kukopa. Chuo changu sitakitaja. Baadaye kozi yangu ikafanywa ya kudumu kwa watu wa mbali, nami nikajiona hodari. Nilisimama mbele ya kamera nikasema saa nzima, kama nisemavyo darasani, nikaita hilo somo la kwanza. Nikafanya hivyo mara kumi na mbili. Somo la kwanza lote lilikuwa habari za Luca Pacioli, yule mtawa Mfransisko aliyechapisha kitabu cha hesabu mjini Venice mwaka 1494. Ni habari tamu, nami naipenda mpaka leo.

Kufika juma la tano zaidi ya nusu ya wanafunzi walikuwa kimya. Nikasema, wavivu hawa. Nikaandika majina yao katika orodha ya watakaofutwa.

Noeli ya mwaka ule nilikwenda kuwasalimu ndugu zangu bondeni. Wewe unaijua njia ile. Unauacha ubaridi wa Sumbawanga, unashuka Lyambalyamfipa, masikio yanaziba, na chini joto linakupokea na ziwa Rukwa linang'aa kwa mbali. Umeshuka kama mita elfu moja hivi. Nikakumbuka kwamba jina moja katika orodha yangu lilikuwa la mama wa Mtowisa. Nikauliza, nikaonyeshwa nyumba.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

"Marahaba, mama. Mbona umeninyamazia?"

Akatandika mkeka, nikaketi. Ndipo akasema, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, wewe ndiye uliyeninyamazia. Niliuliza swali juma la tatu. Nikangoja. Nikasema labda swali la mtu wa bondeni halina maana."

Ndugu msomaji, sikuwa na la kusema. Swali lake lilikuwapo, nimeliona baadaye, chini ya maandishi ya watu wengine, mahali ambapo sikuwa na desturi ya kupatazama.

Tena halikuwa swali la mtihani. Yeye alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Walikuwa wamechanga shilingi 3,000,000, na katika hizo wamekopeshana 2,200,000. Katika daftari aliandika mikopo yote upande wa matumizi, kama vile mtu aandikavyo nauli au sabuni. Basi daftari likasema zimebaki 800,000. Wenzake wakamtazama kwa jicho jingine: milioni mbili na laki mbili zimekwenda wapi? Alikuwa ameuza mpunga alipe ada ya kozi ili apate kujibu swali hilo hilo. Akaniuliza, mkopo uliotoka ni matumizi au ni mali ya chama? Jibu lake ni la dakika mbili: ni mali ya chama, maana wakopaji wanadaiwa, fedha haikupotea, imebadili mahali. Nilimweleza pale mkekani. Alikuwa amelingoja jibu hilo tangu mvua za kwanza, na heshima yake kijijini ikipungua siku kwa siku.

Kisha akanionyesha simu. Bando alilonunua liliisha katika video ya kwanza, ile ya Mfransisko wa Venice.

Nilirudi nikavunja kozi yote. Niliyojifunza nitakueleza, mwalimu mwenzangu, na wewe mzazi usikilize, maana yatakusaidia kukijua chuo kizuri.

Usianze kwa kuuliza, nitasema nini? Anza mwisho: mtu huyu akimaliza, aweze kufanya nini kwa mikono yake? Mimi niliandika hivi: aweze kufunga hesabu za mwezi za kikundi cha watu ishirini na kuwasomea wenzake wakaelewa. Hapo ndipo ukatunge mtihani wake, hata kabla ya somo la kwanza. Mtihani ukiwa daftari la kweli la mwezi mmoja, basi kazi za kila juma zitakuwa vipande vya daftari hilo. Na maelezo yako yatakuwa yale tu yanayohitajika kwa kipande cha juma hilo. Kisichosaidia kipande chochote, kiondoe. Nilimwondoa Pacioli, nami nikasikia uchungu kidogo.

Jambo la uzito wa somo watu wa mijini hawalifikirii. Video ya saa moja yaweza kula megabaiti 200 au 300, na pengine zaidi. Sauti peke yake, saa ile ile, yaweza kutosha katika megabaiti kama 15. Kurasa kumi za maandishi yasiyo na picha hazifiki hata megabaiti moja. Basi sasa kila juma natuma kurasa chache za maandishi, sauti ya dakika saba, na mfano mmoja wa daftari. Sauti wanaisikiliza hata wakipepeta mpunga. Maandishi yanaweza kuchapwa dukani Sumbawanga na kupelekwa na jamaa apandaye gari.

Kuna mtaalamu mmoja, Michael Moore, aliyefanya kazi ya elimu ya watu wazima nchini Kenya miaka ya 1960. Baadaye alifundisha kwamba umbali unaodhuru si ule wa maili, bali ni ule ulio kati ya akili ya mwalimu na akili ya mwanafunzi, nao hupunguzwa kwa mazungumzo na kwa mpango mzuri wa somo. Mtu aweza kuketi dawati la mbele akawa mbali sana. Nimewaona wengi wa namna hiyo.

Na ile programu ya Moodle, ambayo vyuo vingi huitumia kuwekea masomo, Chuo Kikuu Huria kikiwa kimoja wapo, ilitungwa na Martin Dougiamas wa Australia, ikatoka mara ya kwanza mwaka 2002. Mtu huyu alipokuwa mtoto alikaa jangwani, mbali na shule, akasomeshwa kwa redio. Kumbe aliyejenga darasa hili alikuwa mtoto wa porini! Lakini programu ni jengo tu. Jengo halijibu swali.

Kwa hiyo nimejiwekea sheria: swali halilali siku mbili. Kila jioni saa mbili nafungua, najibu, hata kama ni kwa maneno matano. Mtu akikosa kazi ya juma moja, sisubiri la tano, nampigia simu. Mara nyingi si uvivu. Mtoto anaumwa, au simu imezimika, au ni majira ya kupalilia. Na kila mwanafunzi namwomba achague mtu mmoja wa karibu wa kumsikiliza akieleza alichosoma, awe mume, mwalimu wa shule ya msingi, au katekista. Mtu huyo hahitaji kujua hesabu. Akikunja uso, mwanafunzi atajua kwamba hajaeleza vema.

Sasa wewe mzazi, au wewe mume wa mama asomaye. Kabla ya kuuza gunia, uliza. Chuo kikuu kiwe kinatambuliwa na TCU, na chuo cha kati kiwe kimesajiliwa na NACTVET. Karatasi yenye mhuri mzuri haitoshi. Uliza mtihani unafanyiwa wapi na nauli ni kiasi gani. Uliza nani atajibu maswali, na baada ya siku ngapi. Wakisema tu kwamba masomo yote yamo kwenye video, fikiri tena. Halafu nyumbani kwako mpe asomaye saa moja yake. Mama akiketi na simu jioni, watoto huona anapumzika, nao humwita kila mara. Baba, sema neno moja tu: mama yenu yuko shuleni. Pengine wewe mwenyewe itakubidi ukoroge ugali siku hiyo. Hutakufa.

Yule mama wa Mtowisa nilimfuta katika ile orodha yangu mbaya, akaanza upya na kundi lililofuata. Juma la nne alinitumia picha ya ukurasa wa daftari, picha ndogo, imepigwa kwa mwanga wa taa ya sola. Upande mmoja fedha taslimu 800,000. Chini yake mikopo inayodaiwa 2,200,000, na majina ya wakopaji yamepangwa mmoja mmoja. Jumla 3,000,000, imepigiwa mistari miwili. Akaandika kwamba Dominika baada ya Misa ataisomea kikundi. Alikuwa amekosea tarehe moja tu. Nilimjibu usiku ule ule, apate kuisahihisha kabla hawajakutana.