Tambua Mdudu Kabla ya Kushika Bomba la Sumu

Katika vikundi vyetu vinavyolima mboga ndani ya chumba bila udongo, kwa kutumia makumbi ya nazi yaliyosagwa na maji yenye virutubisho, swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: "Hawa wadudu wadogo tuwapulizie dawa gani?"

Tunalo la kukiri. Kikundi kimoja kilipotuuliza, tulikishauri kimwage makumbi yote, nasi hatukuwa tumekwenda kuangalia. Wakapoteza makumbi pamoja na miche iliyokwisha kushika. Tulipokagua mabaki tukakuta kwamba wadudu wale hawakuwa na madhara. Makumbi mapya tuliwapelekea, lakini msimu ulikuwa umepita. Tangu hapo tunasisitiza kumtambua mdudu kwanza.

Aina mbili zinazochanganywa

1. Virukaji. Ni weupe au wa kijivu, urefu wao ni milimita 1 hadi 2, na hawana mabawa. Ukimwagilia, huelea juu ya maji na kurukaruka kama viroboto, kwa kuwa wana kiungo mfano wa uma chini ya tumbo. Hula ukungu na mabaki yaliyooza. Kwa kawaida hawadhuru mmea.

2. Visubi weusi. Wana mabawa, miguu mirefu, na urefu wa milimita 2 hadi 4. Huruka kivivu karibu na miche. Mharibifu hasa ni buu lake: jeupe, lenye kichwa cheusi kinachong'aa. Mabuu hula ukungu, na yakiwa mengi hula pia mizizi michanga. Mche hunyauka ingawa maji yapo, na vidonda vya mizizi hukaribisha magonjwa ya kuoza.

Namna ya kupima

Kata kipande cha kiazi mviringo, ukilaze juu ya makumbi kwa siku 1 au 2, kisha ukigeuze. Ukiona mabuu yenye kichwa cheusi, unao visubi.

Namna ya kudhibiti visubi

- Punguza maji. Acha sentimita 2 za juu zikauke kabla ya kumwagilia tena. Unyevu uliozidi ndio unaowaalika.
- Ondoa majani yaliyooza na utelezi wa kijani kwenye trei na mabomba.
- Weka kadi za njano zenye gundi karibu na uso wa makumbi. Zitanasa wakubwa na kukuonyesha kama wanapungua.
- Mabuu yakiendelea, tumia bakteria aitwaye Bti, anayetumika pia kuua viluwiluwi vya mbu. Fuata maelezo ya kifungashio. Haui mayai wala visubi wakubwa, na kizazi kimoja huchukua wiki 3 hadi 4. Kwa hiyo rudia.

Kuhusu sumu za shambani, tunawasihi msizipulizie ndani. Chumba kimefungwa, mtu anayepulizia anavuta hewa ileile, na mchicha unaweza kuwa mezani kwa watoto siku chache baadaye.

Tumekabidhiwa uumbaji tuutunze, na si kila kiumbe kitambaacho ni adui. Mkiwaona wadudu, anzeni na kiazi. Mkibaki na mashaka, tuiteni tuje tuangalie pamoja. Safari hii tutakuja kabla ya kutoa ushauri.