Je, Wajua? Kapeti ya gari inaweza kukanyaga mafuta

Kapeti ndicho kitu rahisi kuliko vyote kujiwekea garini, lakini mwaka 2009 Toyota iliwataka wenye magari yapatayo milioni 3.8 nchini Marekani waitoe ya dereva: ingeweza kusogea mbele na kuibana chini pedeli ya mafuta. Utasema kapeti nzito haisogei. Husogea, kwa kuwa kisigino huisukuma kila safari. Ndiyo maana magari mengi yana vishikizo sakafuni, na kapeti ina matundu yake. Wengine hutandika mpya juu ya kuukuu, eti usafi, vishikizo vikazikwa. Na pedeli ikibanwa? Kanyaga breki kwa nguvu bila kupampu, weka gia N. Injini itanguruma, iache ingurume.