Msimu wa kusi: Jinsi ya kulaza boti nchi kavu bila trela

UPEPO wa kusi unapovuma kwa nguvu kati ya miezi ya Mei na Agosti, bahari ya Pwani ya Kenya hubadilika sura. Mawimbi huumuka, maji huchafuka, na wenye boti ndogo za injini, kuanzia Lamu hadi Shimoni, hulazimika kuzipandisha nchi kavu wakisubiri bahari itulie.

Aghalabu boti hizo huachwa juu ya trela zilizozibeba, zikafunikwa turubai na kusahauliwa. Miezi mitatu baadaye mwenyewe huja na kukuta tairi zimepasuka, chuma kimeliwa na kutu, maji ya mvua yamejaa ndani na injini imekataa kuwaka.

Hasara hiyo si ya kupuuzwa. Kwa mvuvi au mtembeza watalii, siku za kwanza za bahari shwari ndizo za kufidia miezi ya ukata. Kila siku ambayo boti inalala katika karakana ya fundi ni siku ya chakula kinachokosekana nyumbani.

Vijitabu vinavyouzwa pamoja na injini hizi huandikwa kwa kuzingatia majira ya baridi ya Ulaya na Marekani. Huko adui mkubwa ni barafu. Maji yanapoganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia tisa, na yakiwa yamenaswa ndani ya injini huweza kupasua chuma. Katika Pwani yetu hakuna barafu. Maadui ni chumvi, jua, mvua ya masika na mchwa. Kwa hivyo maagizo hayo hayana budi kusomwa kwa jicho la mahali tulipo.

Kwa nini boti iondolewe kwenye trela? Sababu ya kwanza ni kwamba trela imeundwa kusafirisha, wala si kuhifadhi. Uzito wote wa boti hukaa juu ya roda au mbao chache. Faibaglasi inayobanwa mahali pamoja kwa miezi, hasa kwenye joto, huweza kubonyea, na boti yenye tumbo lililobonyea haitelezi vyema juu ya maji.

Pili, springi, beringi na tairi zinazobeba mzigo bila kuzunguka huharibika upesi. Tatu, boti iliyo juu ya magurudumu ni rahisi kuibwa, kwani mwizi anahitaji gari tu. Isitoshe, trela moja yaweza kuhudumia boti kadhaa iwapo kila moja ina mahali pake pa kulala.

Jambo hili si geni kwa wenyeji wa Pwani. Tangu zamani manahodha walipandisha vyombo vyao ufuoni wakati wa maji ya bamvua, wakaviegemeza kwa gadi pande zote mbili, kisha mafundi wakavitia kalafati na kuvipaka deheni na sifa. Kanuni waliyoifuata ingali ileile: mkuku ndio unaobeba uzito wa chombo, na kazi ya gadi ni kukizuia kisiegame.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mahali. Pawe juu ya alama ya mwisho ya maji ya bamvua, na pazidi hapo kwa mita kadhaa, kwa kuwa kusi huyasukuma mawimbi mbali zaidi ya kawaida. Ardhi iwe ngumu na isiyotuamisha maji. Boti isiwekwe chini ya mnazi hata kama kivuli chake kinavutia, kwani nazi au kuti likianguka huweza kutoboa sitaha au kumuumiza mtu.

Baada ya hapo huandaliwa magogo na mbao nene. Mvinje hufaa kwa kazi hii. Mbao zisilazwe moja kwa moja juu ya udongo, la sivyo mchwa watazimaliza kabla ya msimu kwisha. Chini yake huwekwa matofali ya saruji, na juu yake, pale boti inapogusa, hufungwa vipande vya zulia kuukuu au mpira wa tairi.

Kazi ya kuishusha boti huhitaji watu wanne au zaidi, jeki na subira. Kwanza, kila kitu kizito hutolewa: tangi la mafuta, betri, nanga, na injini yenyewe ikiwezekana. Kisha trela huegeshwa mahali tambarare na magurudumu yake huzuiwa kwa mawe.

Omo ya trela huteremshwa hadi karibu na ardhi ili tezi ya boti iinuke. Boriti hupitishwa chini ya tezi, nyuma ya fremu ya trela, na kuegemezwa juu ya matofali pande zote mbili. Omo inapoinuliwa tena, tezi hukalia boriti hiyo na sehemu ya nyuma ya trela hubaki bila mzigo.

Hapo mawe huondolewa na trela huvutwa mbele polepole, huku watu wawili wakiishika boti isiyumbe. Trela ikishapita katikati ya boti, boriti ya pili huwekwa chini ya mkuku. Hatimaye omo huinuliwa kwa jeki iliyowekewa ubao mpana, trela huondolewa kabisa, na boti hulazwa juu ya gogo la tatu. Gadi za ubavuni hufuata.

Katika kazi hii yote, mtu asithubutu kuingia chini ya boti inayoshikiliwa na jeki pekee. Jeki huteleza, na boti ndogo ya mita tano yaweza kuwa na uzito wa nusu tani. Watoto nao wakatazwe kucheza hapo hata baada ya kazi kukamilika.

Uungaji mkono ulio muhimu zaidi ni ule wa tezi. Ubao wa tezi ndio unaobeba injini, na ikiwa injini itaachwa mahali pake, gogo la nyuma lazima liwe chini ya ubao huo barabara. Gogo likikaa mbele mno, uzito wa injini utaukunja mwisho wa boti.

Omo iwe juu kidogo kuliko tezi, na nguruzi iondolewe ili maji yatoke yenyewe. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na ndivyo yafanyavyo maji ya mvua. Chukua boti yenye eneo la mita nane za mraba. Mvua ya milimita 50 ikiinyeshea wakati nguruzi imefungwa, huacha ndani lita 400 za maji, yaani kilo 400. Uzito huo hukaribia ule wa boti yenyewe, na magogo hayakupangwa kuubeba. Nguruzi nayo ifungwe kwa uzi karibu na usukani, isije ikasahaulika siku ya kurudi majini.

Injini yahitaji uangalizi wa peke yake. Kabla ya kulazwa, huendeshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika 10 hadi 15. Mfereji wa mafuta hufungwa ili kabureta ikauke, maana petroli iliyokaa miezi hupoteza nguvu na kuacha utando unaonata. Plagi hutolewa, oili kidogo hutiwa katika kila silinda, na injini huzungushwa kwa mkono.

Oili ya gia pia hubadilishwa. Ikitoka nyeupe kama maziwa, ni ishara kwamba maji yamepenya na sili zimechoka. Ni heri kuligundua hilo mwezi Juni kuliko katikati ya mkondo mwezi Novemba. Injini ikitolewa, isimamishwe wima ili maji yote yachuruzike. Nambari yake iandikwe na kuhifadhiwa nyumbani, kwani injini za boti huwavutia wezi.

Betri huwekwa mahali penye kivuli na kuchajiwa kila mwezi. Betri isiyotumika hupoteza chaji yenyewe, na joto huharakisha hali hiyo.

Kifuniko nacho kina kanuni zake. Turubai likibana boti kotekote, unyevu hunaswa ndani na kuvu huota. Ni bora litandazwe juu ya mti uliolazwa kutoka omo hadi tezi, mfano wa paa, na hewa iachwe ipite pande zote mbili. Banda la makuti ni bora zaidi, kwani huzuia jua linalofifisha rangi na kudhoofisha faibaglasi. Kamba za kuzuia upepo zifungwe kwenye vigingi vilivyopigwa ardhini. Zikifungwa kwenye gadi, turubai likipeperuka litaziondoa na boti itaanguka.

Trela iliyobaki tupu isitupwe kichakani. Huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, beringi zikatiwa grisi mpya, na ekseli ikainuliwa ili tairi zisiguse ardhi. Beringi zikizamishwa baharini zingali moto, hewa iliyomo hunywea na kuvuta maji ya chumvi ndani. Hiyo ndiyo asili ya trela nyingi kukwama barabarani.

Baada ya kila mvua kubwa, mwenye boti aizunguke na kutazama iwapo gogo limedidimia, gadi imelegea au mchwa wamepanda. Ukaguzi huo huchukua dakika kumi tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kaskazi ikirejea, bahari haitamsubiri aliyelala msimu mzima pamoja na boti yake.